Mikono Mfukoni Kabla ya Spana

Jumatatu iliyofuata kuagwa kwangu kama mstaafu nilirudi karakana yetu ya baiskeli kuchukua aproni niliyoisahau nyuma ya mlango. Mlikuwa mmeshaanza kazi. Ukutani, mahali ambapo spana ya ringi iliningʼinia miaka yote niliyofanya kazi hapo, nilikuta tindo la kukatia chuma. Lilikuwa limepigiwa msumari mpya na kunyooshwa vizuri, kama kitu kilichopandishwa cheo. Spana ya ringi niliipata chini ya benchi, ndani ya ndoo ya grisi chafu, pamoja na vipande vya cheni.

Yaliyotokea baadaye asubuhi hiyo nitayaeleza mwishoni, kwa sababu napenda mambo yafuatane yalivyokuja. Lakini mjue tangu sasa kwamba ninaandika nikiwa na hasira, na sina mpango wa kuituliza kwanza. Keki mliyonikatia ilikuwa nzuri. Hotuba ya fundi mwenzetu Barasa kuhusu "mama wa karakana yetu" ilikuwa ndefu. Ningefurahi zaidi mngeninyima keki na kuiacha spana ukutani.

Ya vyeo na mshahara sitayagusa. Hayatoshi kujaza hata ukurasa mmoja. Nitaandika juu ya ekseli ya kati, kwa sababu ndiyo kazi iliyonifunza mengi, na ndiyo kazi mnayoiharibu.

Nilianzia Kawangware, kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara ya kwenda Gatina, chini ya fundi aliyeitwa Ouma. Alikuwa mtu mrefu wa kutoka upande wa ziwa, mwenye miwani iliyofungwa waya sikio moja, na hasira yake ilikuwa ya kimya. Akikasirika alikuwa anafuta spana. Akikasirika sana alikuwa anafuta spana safi. Wateja wetu walikuwa wauza mkate na wauza maziwa, waliobeba mizigo ambayo baiskeli zao hazikuumbiwa, na wengi wao hawakuamini kwamba mwanamke anaweza kufungua kitu kingine zaidi ya sufuria.

"Fundi ako wapi?" mmoja aliniuliza siku yangu ya kwanza.

"Ni mimi."

"Hapana, fundi mwenyewe."

Ouma akajibu bila kuinua kichwa. "Fundi mwenyewe ni huyo. Mimi ni wa kumchekelea akikosea. Leta hiyo baiskeli."

Ilikuwa imelegea katikati. Kwa wale wanaosoma hii na si watu wa kazi, ekseli ya kati ni chuma kinachopita sehemu ya chini ya fremu na kushika krenki mbili, zile zinazobeba pedeli. Nguvu yote ya miguu hupita hapo. Ekseli hiyo hukaa ndani ya bomba fupi, na kila upande wa bomba kuna kikombe cha chuma kilichofungwa kwa nyuzi kama za skrubu, na ndani ya kikombe kuna gololi. Kikombe kimoja kina ringi ya nje inayokibana kisizunguke. Kingine hakina. Chenye ringi hufunguka kama nati yoyote. Kisicho na ringi hufunguka kinyume: unakizungusha upande ule ambao kwa nati nyingine ungekuwa unakaza. Waliobuni walifanya hivyo ili kisijifungue chenyewe mtu akikanyaga. Wazo lilikuwa zuri, na limewaliza mafundi tangu lilipoanza.

Siku hiyo nilinyoosha mkono kuchukua spana ya kwanza niliyoiona. Ilikuwa ile ya kukaza na kulegeza mdomo, ambayo Nairobi nzima huiita spana malaya. Ouma akanipiga kidole kwa kitambaa.

"Hiyo inakubali kila nati, na haishiki hata moja. Rudisha. Weka mikono mfukoni."

"Mfuko gani?"

"Wa aproni, nyar Bungoma. Unafikiri mama alikushonea mfuko wa njugu?"

Nyar, yaani binti wa, lilikuwa neno la kwao. Nikaweka mikono mfukoni. Alikuwa ameshasugua ile sehemu kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu mpaka chuma kikaonekana. Akaniambia nitaje. Huo ndio ulikuwa utaratibu wake, naye mwenyewe aliufuata hata akiwa peke yake kibandani. Niliwahi kumkuta amesimama mbele ya baiskeli, mikono mfukoni, akijisemea. Unataja ringi iko upande gani. Unataja kikombe kimekupa nini cha kushika: kingo bapa, au matundu mawili, au meno. Unataja kila kikombe kitaelekea wapi kikifunguka. Ukishataja, unatoa mikono na kuchukua kifaa. Ukikosea kutaja, unaosha tena.

Siku hiyo niliosha sana.

Vifaa vyake vingi alivitengeneza mwenyewe. Spana ya ringi aliikata kutoka springi ya lori, akaipinda kama ukucha wa kuku ili iingie kwenye pengo la ringi. Kifaa cha kikombe chenye matundu kilikuwa kipande cha uma wa baiskeli, kimechomekwa misumari miwili ya chuma kigumu. Nacho alichokipenda kuliko vyote kilikuwa bolti nene tu, na nati yake, na washa mbili pana, zile pete bapa za chuma. Kilikuwa cha vile vikombe visivyo na ringi ambavyo kingo zake zimekwisha, zimelainika kama sabuni, na spana haina pa kushika. Unapitisha bolti katikati ya kikombe, washa moja nje na nyingine ndani, mwenzako anashika nati kwa ndani, nawe unakaza bolti. Inabana kikombe kama taya. Ukiendelea kukaza, bolti haina pa kwenda tena, basi inazunguka pamoja na nati na kikombe. Na kwa kuwa kikombe hicho hufunguka kuelekea upande huo huo wa kukaza, kadiri unavyobana ndivyo kinavyotoka. Mara ya kwanza kuiona nilidhani ananichezea. Nilimwomba airudie.

"Hakuna uchawi," akasema. "Ni kwamba hii haina haraka."

Baadaye zikaja baiskeli za mitumba, zile zinazoshushwa kwenye makontena zikiwa zimefungamana kama kuni. Nyingi zilikuwa na ekseli ya aina nyingine, iliyozibwa kabisa, gololi zake huzioni, na kikombe chake kina meno kwa ndani. Hizo zinataka kifaa cha meno kama hayo, na meno hayalingani kila mahali. Mengine ni manene, mengine membamba, na kifaa kinachokaribia kuingia ni hatari kuliko kisichoingia kabisa. Kinaingia robo, kinateleza, kinanyoa meno, na vidole vyako vinafuata. Ouma alikishikilia kifaa hicho mahali pake kwa bolti na washa iliyofungwa kwenye tundu la ekseli yenyewe, ili kisiweze kuruka. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa amechubuka vidole mara ya kwanza, na hakutaka mara ya pili.

Krenki nazo zilibadilika. Zile za zamani zilishikwa na pini, nayo pini unaigonga, lakini baada ya kuweka kipande cha mbao au shaba, na chini yake kitu cha kubeba pigo ili gololi zisiumie. Za mitumba zilitaka kivutio, kile unachokifunga ndani ya krenki na kukikaza mpaka krenki iachie ekseli. Nawakumbusha kwa sababu nimewaona mkiingiza kivutio nyuzi mbili tu na kuanza kuvuta. Krenki inatoka na nyuzi zake ndani ya kifaa, halafu mnasema baiskeli ilikuwa mbovu.

Ouma alirudi kwao macho yalipomchoka. Aliniachia bolti, washa, ukucha wa springi na kile kipande cha uma. Mimi nikahamia Kibera, kwenye karakana hii yetu ya Sarangʼombe, kando ya njia ya kupanda mtaa wa Olympic. Barasa alikuja muda mfupi baadaye.

Nitamsema Barasa hapa kama nilivyomsema mbele yake. Ana mkono mwepesi kuliko wangu. Anasawazisha gurudumu huku akipiga hadithi, na gurudumu linanyooka. Wateja walimpenda, na nilielewa kwa nini. Mteja akisikia nyundo anaamini kazi inafanyika. Akimwona fundi amesimama mikono mfukoni, anauliza kama stima zimepotea.

Barasa aliujua utaratibu wa kutaja. Aliuona kuwa mrefu, akaufupisha: upande wa cheni, kinyume. Maneno manne. Kwa baiskeli nyingi ni kweli, maana kikombe kisicho na ringi huwa upande wa cheni. Akawafundisha mafundi wageni maneno hayo manne, nao wakayaimba. Na kikombe kilipokataa, alikuwa na jibu la pili, ambalo ni tindo: unaliegemeza kwenye ukingo wa kikombe na kugonga mpaka kizunguke. Kikikataa bado, alikuwa na jibu la tatu, ambalo ni Maina wa kuchomelea, jirani yetu. Kikombe kinachomelewa kwenye fremu. Hakilegei tena, hakilii tena, na mteja anaondoka akisema amefungiwa kabisa.

Ni kweli amefungiwa kabisa. Gololi zikiisha, hakuna wa kuzifikia. Fremu nzima inatupwa kwa sababu ya vipande vya chuma vidogo kuliko punje za mahindi. Nimeona fremu nzuri, za chuma kizuri, zikipelekwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu kwa sababu hiyo tu. Sijui neno la heshima la kuita kazi hiyo, kwa hivyo sitaiita.

Sasa nifike kwa Akinyi.

Akinyi anaishi Gatwekera, hapo hapo Kibera. Anafuma sweta za shule kwa mashine nyumbani na kuzipeleka mwenyewe Olympic, kwa wazazi na madukani. Miguu yake haikuwahi kumbeba. Anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono: krenki ziko mbele ya kifua, na ekseli yake ya kati imekaa juu, mahali ambapo baiskeli nyingine ina usukani. Ilijengwa na fundi mmoja wa mtaani aliyempima urefu wa mikono kwa kamba kabla ya kukata chuma chochote. Bomba la ekseli alilitoa kwenye baiskeli ya zamani ya mizigo. Cheni akaiweka kushoto, kwa sababu breki ya Akinyi iko kulia na upande huo cheni ingenasa sweta zake. Fundi huyo alirudi kwao Busia, na hakuna aliyejua pa kumtafuta.

Siku aliyotuletea, mimi nilikuwa nimeenda mjini kununua gololi. Niliposhuka njia ya Olympic nilisikia nyundo kabla ya kuuona mlango. Akinyi alikuwa ameketi kwenye benchi, mfuko wa sweta mapajani, amekunja mikono.

"Nekesa," akasema nilipoingia, "ambia huyu mtu hiyo anagonga ni miguu yangu."

"Imeshika kutu, siste," akasema Barasa. Jasho lilikuwa likimtoka. "Kutu haisikii maombi."

"Kutu imetoka wapi? Mimi hulala na hiyo kitu ndani ya nyumba. Inakaa mahali pakavu kuliko bwana ya watu wengine."

Wafanyakazi wakacheka. Barasa akagonga tena. Ukingo wa kikombe upande wa kulia ulikuwa umepasuka, na kipande kimeanguka sakafuni. Kando yake kulikuwa na bomba refu alilolitumia kuongeza nguvu ya spana. Alikuwa ameshamwita Maina, ambaye alikuwa mlangoni na mashine yake, kioo chake kikiwa juu ya paji la uso, akingoja kuonyeshwa pa kuchoma.

"Maina atafunga hiyo kikombe hapo hapo ilipo," Barasa akamwambia Akinyi. "Itakuwa ngumu kuliko zamani. Lakini lazima chuma ipoe, na mimi nirudishe cheni. Nitakutafutia mtu akubebe mpaka nyumbani, urudi kesho."

Akinyi alifungua mfuko wake, akaufunga tena.

"Mimi nilibebwa mpaka nikawa mwanamke mzima," akasema. "Nilibebwa kanisani, nilibebwa choo, nilibebwa na watu wamekunywa. Nimemaliza kubebwa. Sitoki hapa bila hiyo."

Nilivaa aproni. Niliweka mikono mfukoni. Barasa akacheka kidogo, kama mtu anayeona mama yake anaanza kusali mbele ya wageni.

"Barasa," nikasema, "ringi iko wapi?"

"Wachana na ringi. Ringi ilifunguka zamani."

"Ilifunguka kuelekea wapi?"

"Kawaida."

"Iko upande gani?"

Akaonyesha kushoto.

"Na cheni?"

Akainama kuitazama. Maina alikuwa ameshaona. Alishusha mashine yake chini polepole. Ringi na cheni zilikuwa upande mmoja. Fundi wa Busia alihamisha cheni, lakini bomba lilibaki na nyuzi zake zilivyokuwa. Barasa alikuja na maneno yake manne, akakizungusha kikombe cha kushoto kinyume na cha kulia kawaida, yaani alikaza vikombe vyote viwili kwa nguvu zake zote, kisha kwa bomba refu, kisha kwa tindo. Na ringi ilipomfungukia kawaida, ilikuwa imemwambia kila kitu. Ringi haiwezi kwenda njia yake na kikombe chake njia nyingine.

"Imefungwa vibaya hiyo," akasema. "Aliyeijenga hakujua kazi."

"Aliyeijenga alinipima na kamba," akasema Akinyi. "Wewe umenipima na nini?"

Kikombe cha kushoto kilitoka kwa kifaa cha matundu, kikilia lakini kikitii. Ekseli ikatoka, na gololi zilizosagika zikamwagika kama mchanga. Kile cha kulia ndicho kilikuwa na shida, maana ukingo ulikuwa umevunjika na spana haikuwa na pa kushika. Nilitoa bolti ya Ouma. Nilimwambia Barasa ashike nati kwa ndani, na sikumwambia kwa upole. Nikakaza. Bolti ilipofika mwisho wake nilihisi kitu kizima kinasimama, kigumu, na kwa muda nilidhani Barasa amekiua kweli. Nikaongeza. Kikaachia kwa mlio mfupi, kama kifundo cha kidole.

"Hiyo sauti ni ya nini?" Akinyi akauliza.

"Ni kikombe kinatoka."

"Inatoka hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Basi nyundo ilikuwa ya nini?"

Maina alibeba mashine yake akaondoka bila kudai hata asante. Nyuzi za bomba zilikuwa zimechubuka mdomoni, nikazisafisha kwa kikombe cha zamani nilichokichonga mifereji, nikaweka vikombe vipya, gololi mpya, grisi ya kutosha. Akinyi aliondoka jioni hiyo kwa mikono yake mwenyewe, akapanda Olympic na sweta zake.

Aliporudi kunionyesha inavyokwenda, alikuwa amechora mishale miwili kwa rangi ya kucha, nyekundu, mmoja kwenye kikombe cha kila upande, kuonyesha kila kikombe kinafungukia wapi. Aliniomba nihakikishe. Ilikuwa sahihi.

"Ile kitu unafanya na mfuko," akaniuliza, "ya kusimama kama askari amenyimwa kazi. Nifunze."

Nikamfunza kutaja. Alielewa haraka kuliko wengi wenu.

Mtu angedhani tukio hilo lilitosha. Wiki iliyofuata nilimsikia Barasa akiwafundisha wageni: upande wa cheni, kinyume. Nilimvuta kando nikamuuliza kama amesahau.

"Sijasahau," akasema. "Lakini hiyo ya Akinyi ni moja, Nekesa. Siwezi kubadilisha masomo juu ya baiskeli moja."

"Hiyo moja ina mwenyewe."

"Zote zina wenyewe. Wanangoja kwa foleni. Wewe ukitaja, mimi nimemaliza mbili."

Hilo ndilo lililonikera kwa miaka yote iliyobaki, na ndilo linalonikera leo. Fundi asiyejua anaweza kufunzwa. Barasa alijua. Alikuwa ameshika nati kwa mkono wake huku kikombe kikitoka. Aliendelea kufundisha maneno ambayo alishayaona yakishindwa, kwa sababu ni mafupi, na kwa sababu kuyabadilisha kungemlazimu kueleza yalishindwa wapi. Nami nikabaki nikiosha, nikitaja, nikiitundika spana ya ringi ukutani kila jioni ili wa kesho aione kabla hajaona kingine. Sasa mnajua kwa nini ilikuwa pale.

Turudi Jumatatu ile, aproni mkononi, tindo ukutani.

Nilisikia sauti ya Akinyi kutoka uani. Nilipotoka nilikuta baiskeli yake imefungwa kwenye stendi, na yeye ameketi kwenye kreti ya soda, mfuko wa sweta mapajani. Mlikuwa mmemzunguka. Barasa alikuwa amesimama mbele yake amenyoosha mkono.

"Akinyi, rudisha nyundo."

"Sirudishi."

"Si tunakusaidia?"

"Mmenisaidia vya kutosha. Angalia hapo."

Nikaangalia. Kwenye kikombe cha kulia kulikuwa na alama mpya ya tindo, inayong'aa, imekatiza mshale mwekundu katikati. Pigo lilikuwa limeenda upande mmoja, na mshale ulikuwa ukionyesha upande mwingine. Mtu aliweka ncha ya chuma juu ya maandishi na kugonga. Niliuliza ni nani. Mmoja wenu akasema alidhani mshale ni rembo tu.

Nyundo ilikuwa ndani ya mfuko wa Akinyi, kati ya sweta za kijani, mpini ukiwa umechomoza.

"Nekesa, usiguse," akaniambia nilipoanza kufunga aproni. "Wewe umestaafu. Nataka hawa. Mimi nitakufa na wewe utakufa, na hii baiskeli itakuwa bado inaisha gololi."

Kisha akamgeukia Barasa.

"Mikono mfukoni," akasema.

Barasa akatazama huku na huku. Aproni yake haikuwa na mfuko. Ulichanika zamani na hakuwahi kuushona. Akaingiza mikono kwenye mifuko ya suruali. Mlicheka. Mimi sikucheka.

"Taja."

"Akinyi, kuna wateja."

"Hata mimi ni mteja. Ringi iko wapi?"

Niliona taya za Barasa zikisogea. Nadhani alikuwa akitafuta njia ya kulisema bila kulisema.

"Kushoto," akasema.

"Na cheni?"

"Kushoto."

"Sema vizuri, hawa wa nyuma hawajasikia."

"Ringi iko upande wa cheni," Barasa akasema kwa sauti. "Kwa hivyo ya upande wa cheni inafunguka kawaida. Ya huku ndiyo kinyume." Akawageukia, mikono ingali mfukoni. "Muangalie ringi. Si cheni. Ringi."

Ilimchukua miaka yote hiyo kuyasema. Nilikuwa nimesimama pale na hasira yangu yote, na nikaona kwamba haikupungua hata kidogo, kwa sababu kuyasema kulikuwa rahisi kiasi hicho.

Mlifungua wenyewe. Nilikaa kwenye kreti ya pili kando ya Akinyi, na sikuwasaidia isipokuwa kuwapa bolti ya Ouma na washa zake, ambazo nilikuwa nimeondoka nazo siku ya kuagwa na bado zilikuwa mkobani mwangu; sasa ziko kwenye droo ya juu ya karakana. Kikombe kilitoka. Mliweka gololi mpya, mkapaka grisi, mkamrudishia cheni yake kushoto. Barasa alirudisha spana ya ringi ukutani mwenyewe, akalitoa tindo, akakaa nalo mkononi kama hajui mahali pake. Mahali pake ni kwenye sanduku la vifaa vya kukatia nati zilizooza, chini kabisa.

Akinyi akapanda, akajaribu krenki mbele na nyuma, akasikiliza. Halafu akaondoka kuelekea Olympic na mfuko wake mapajani. Hakuna hata mmoja wenu aliyethubutu kuuliza, kwa hivyo nawajulisha: nyundo yenu iko Gatwekera. Mkiitaka mtaifuata huko, na ninawashauri mwende mkiwa na mikono mfukoni, kwa sababu atawauliza.